Majina ya Kiarabu Ndani ya Darubini ya Kompyuta: Urithi Tulioupokea na Amana Tuliyonayo



Ndugu wazazi, vijana na wanafunzi wetu wa madrasa hapa Bujumbura na kwingineko, leo tunataka tuzungumze juu ya kifaa ambacho wengi wetu tumekiona kwenye picha, na baadhi yetu tumeletewa na jamaa walioko ng'ambo. Ni darubini ya kutazamia nyota, ile ya kisasa inayoongozwa na kompyuta. Lengo si kuwatangazia mkainunue. Kusudio letu ni historia, kwa sababu ndani ya kifaa hiki mna majina ambayo mtoto aliyesoma juzuu moja tu anaweza kuyatambua kabla ya mtu mzima aliyesoma vyuo vikuu. Majina hayo yamefikaje humo? Na sisi, tunaofundisha na kufundishwa Kiarabu kila jioni, tuna nafasi gani katika habari hiyo?

RIMOTI INAYOULIZA MASWALI

Darubini za kompyuta zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1980 na 1990. Zilizojulikana zaidi ni za kampuni mbili za Marekani, Celestron na Meade. Darubini yenyewe husimama juu ya miguu mitatu, ina mota ndogo za kuizungusha huku na huku na kuiinua na kuishusha, na imeunganishwa kwa waya na rimoti inayoshikwa mkononi. Rimoti ina vitufe na kioo kidogo cha maandishi. Ndani yake mmehifadhiwa mahali pa maelfu ya nyota, sayari na mawingu ya angani. Katika baadhi ya aina idadi hiyo inazidi vitu 40,000.

Ukiiwasha, kwanza inakuuliza uko wapi. Kwa Bujumbura utaandika latitudo digrii 3 na dakika 23 kusini, na longitudo digrii 29 na dakika 22 mashariki. Hapa wengi huteleza, wakaacha neno "kaskazini" lililowekwa tangu kiwandani, na darubini ikatafuta nyota penye milima badala ya angani. Kisha inakuuliza saa na tarehe. Saa yake huhesabiwa tangu usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili za usiku kwetu sisi Waswahili ni saa 20 kwake, na nyingi hutaka mwezi uandikwe kabla ya siku. Tena inataka kujua saa zetu zinapishana vipi na saa za Greenwich. Burundi iko mbele kwa saa mbili.

Baada ya hapo huja jambo muhimu kuliko yote. Rimoti inakutaka uielekeze darubini kwenye nyota mbili unazozijua, moja baada ya nyingine, na kila moja uiweke katikati kabisa ya kijicho cha kutazamia. Ikishapata nyota mbili, inapiga hesabu na kujua anga lote limekaaje. Kuanzia hapo unachagua jina, unabonyeza kitufe, na darubini inakwenda yenyewe.

Sasa tazameni orodha ya nyota inayoonekana kwenye kile kioo: Achernar, Aldebaran, Altair, Betelgeuse, Deneb, Denebola, Fomalhaut, Rigel, Vega. Kifaa kimebuniwa Marekani, maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza, lakini majina hayo asili yake ni Kiarabu.

SOMO LA LUGHA LA DAKIKA TANO

Tuyachukue machache, na wanafunzi wafuatilie kwa kalamu.

Rigel ni "rijl", yaani mguu. Mtoto wa darasa la kwanza la madrasa anajua kuwa "yad" ni mkono na "rijl" ni mguu.

Deneb ni "dhanab", mkia. Denebola ni "dhanab al-asad", mkia wa simba.

Fomalhaut ni "fam al-huut", mdomo wa samaki.

Achernar ni "aakhir an-nahr", mwisho wa mto. Mwenye kusoma Qur'ani amelikuta neno "al-anhaar", mito, mara nyingi panapotajwa Pepo.

Aldebaran ni "ad-dabaraan", mwenye kufuata nyuma, kwa kuwa huifuata Thuraya angani. Thuraya ndiyo Kilimia ya Waswahili, kundi dogo la nyota lililopewa jina hilo kwa sababu ya kilimo.

Altair ni "an-nasr at-taair", tai arukaye, na Vega imetokana na "an-nasr al-waaqi'", tai anayeshuka. Wanafunzi waangalie vizuri: "nasr" hii ni ya herufi siin, maana yake tai. Ile ya Suratun-Nasr ni ya herufi swaad, maana yake nusura. Herufi moja ikibadilika, maana yote inabadilika.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye Betelgeuse, nyota nyekundu inayong'aa jirani na Rigel. Waarabu waliiita "yad al-jawzaa", mkono wa Jauza. Jauza lilikuwa jina lao la kale la umbo kubwa la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Jina lilipohamishwa kwenda Kilatini, herufi ya kwanza ilisomwa vibaya. Yaa mwanzoni mwa neno ina nukta mbili chini, baa ina nukta moja. Mtu akaona moja mahali pa mbili, "yad" ikawa "bad", na kosa hilo limedumu kwa mamia ya miaka mpaka leo limo ndani ya rimoti. Kwa hiyo mwalimu anapomrudisha mwanafunzi kwa sababu ya nukta, asidhaniwe anamwonea. Nukta moja imebadilisha jina la nyota kwa dunia nzima.

YALIVYOSAFIRI KUTOKA BAGHDAD MPAKA TOLEDO

Ni lazima tuseme kweli, maana historia si mahali pa majigambo. Waislamu hawakuanzia hewani. Mnamo mwaka 150 hivi baada ya Nabii Issa (a.s.), mtaalamu mmoja wa Alexandria, Misri, aitwaye Ptolemy, aliandika kwa Kigiriki kitabu kikubwa chenye orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Katika karne ya 9, zama za Bani Abbas, kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu zaidi ya mara moja, na ndiyo maana mpaka leo kinaitwa Almagest, jina lenye "al" ya Kiarabu. Khalifa al-Ma'mun alisimamisha kazi ya kuangalia nyota Baghdad mnamo 828, na akawatuma wataalamu jangwani kupima urefu wa digrii moja ya ardhi ili wajue ukubwa wa dunia.

Baadaye akaja mtu ambaye jina lake kila mwanafunzi anapaswa kulijua: Abdur-Rahman as-Sufi, aliyezaliwa Rayy, Uajemi, mwaka 903 na kufariki 986. Mnamo 964 alitunga kitabu cha picha za nyota zisizohama. Hakunakili tu yaliyomo kwa Ptolemy. Alitoka usiku, akatazama mwenyewe, akasahihisha ukali wa mwanga wa nyota moja moja. Kila kundi alilichora mara mbili: kama linavyoonekana angani, na kama linavyochorwa juu ya tufe. Kisha akaandika majina waliyoyatumia Waarabu wa jangwani tangu zamani. Nyota zilikuwa zimesogea tangu zama za Ptolemy kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole sana, kwa hiyo aliongeza digrii 12 na dakika 42 katika mahali pa kila nyota. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayofanywa leo na kompyuta.

As-Sufi ndiye pia aliyeandika habari za "wingu dogo" karibu na mdomo wa samaki katika picha zake. Ni maelezo ya kwanza tunayoyajua ya kitu kile. Leo rimoti inakiita M31, galaksi ya Andromeda, na nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 hivi mpaka kutufikia. Yeye aliiona kwa macho matupu. Sisi wa Bujumbura tunaweza kuiona upande wa kaskazini usiku wa mwezi wa 11, mvua ikitupa nafasi na taa za mji zikiwa mbali.

Waislamu na Mayahudi na Wakristo waliokaa Andalusi na Toledo ndio waliofungua mlango wa kwenda Ulaya. Mwaka 1175 Gerard wa Cremona alimaliza kuifasiri Almagest kutoka Kiarabu kwenda Kilatini mjini Toledo. Katika karne ya 13, mfalme Alfonso wa Castilla aliagiza vitabu vya falaki vya Kiarabu, pamoja na cha as-Sufi, vifasiriwe kwa Kihispania. Hivyo majina yakavuka: mengine yakiwa sawa, mengine yakiwa yamevunjika mbavu njiani. Mwaka 2016 Jumuiya ya Kimataifa ya Wanafalaki iliunda kamati ya kuthibitisha majina rasmi ya nyota, na mengi yaliyothibitishwa ni haya ya Kiarabu, pamoja na Betelgeuse na kosa lake.

KWA NINI WALITAZAMA?

Watoto huuliza: watu hawa walitafuta nini angani? Jibu la kwanza liko katika ibada yenyewe. Mwislamu anahitaji wakati wa sala, mwelekeo wa Kibla, na mwezi mwandamo. Katika Suratul-An'aam aya ya 97 tunafundishwa kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke njia katika giza la bara na bahari, na katika Suratun-Najm nyota ya Shi'raa, ile rimoti inayoiita Sirius, imetajwa kwa jina.

Misikiti mikubwa iliajiri mtu maalumu aitwaye muwaqqit, mwenye kuhesabu nyakati. Ibnu Shaatir (1304 hadi 1375) alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, na alikuwa miongoni mwa wanahesabu wakubwa wa zama zake. Chombo chao kikuu kilikuwa asturlabu, sahani ya shaba iliyochorwa anga. Ukiwekea mahali ulipo na urefu wa nyota moja, inakupa saa na mahali pa nyota nyingine. Ndiyo maana twasema rimoti ya leo ni mjukuu wa asturlabu: zote mbili huuliza uko wapi, na hutaka nyota unayoijua ili zikuonyeshe usiyoijua. Na mabinti wetu wajue kuwa katika karne ya 10, mjini Aleppo, kulikuwa na fundi wa asturlabu mwanamke, al-Ijliyya, aliyefundishwa kazi hiyo na akaitumikia kasri ya Sayfud-Dawla.

Kibla chetu pia ni hesabu ya falaki. Kutoka Bujumbura, Makka iko takriban digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Si mashariki kamili kama wanavyodhani baadhi ya watu.

BAHARI YETU NA ZIWA LETU

Habari hii si ya Baghdad na Hispania peke yake. Manahodha wa Bahari ya Hindi, waliokwenda Kilwa, Malindi na Sofala, walisafiri kwa nyota. Walikuwa na kifaa rahisi kiitwacho kamal: kibao chenye uzi wenye mafundo. Nahodha aliuma uzi, akakiweka kibao kati ya upeo wa bahari na nyota, na fundo likamwambia yuko wapi. Walipima kwa "isba", yaani kidole, ambacho ni kama digrii moja na nusu na kidogo zaidi.

Bingwa wao alikuwa Ahmad bin Majid wa Julfar, katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mnamo 1490. Alitunga pia utenzi wa kuelekeza njia ya Sofala kupitia mwambao wetu. Mabaharia hawa walijua tatizo ambalo sisi tunalo mpaka leo: nyota ya Jaah, ile ya kaskazini, huzama kadiri unavyokwenda kusini. Ukiwa Bujumbura huioni kabisa, kwani iko chini ya upeo. Wao walihamia kwenye nyota mbili za Farqadaan, kisha kwenye Na'sh, na upande wa kusini wakamtegemea Suhayli, ambaye kwenye rimoti anaitwa Canopus.

Hapa kuna kisa tunachopaswa kukiangalia vizuri. Vitabu vingi husema kuwa Ibnu Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwezi wa Aprili 1498. Habari hiyo iliandikwa na mwandishi mmoja wa Makka katika karne ya 16, na wengi tukaikariri. Lakini maandishi ya Wareno yanamtaja rubani wa Gujarati, na watafiti wengi wa leo hawakubali kuwa alikuwa Ibnu Majid. Sisi tunaochunguza isnadi ya Hadithi, tuchunguze pia isnadi ya visa vya historia, hata vile vinavyotupendeza.

Hapa kwetu, Uislamu na Kiswahili vilikuja na misafara kutoka mwambao, kupitia Tabora na Ujiji, katika karne ya 19, na mpaka leo Buyenzi ni mtaa wa lugha hii. Na anayetaka kuona falaki ikifanya kazi aende ufukweni mwa Tanganyika. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake huishinda taa, samaki hawakusanyiki, na wengi wao hupumzika. Mvuvi huyo anajua kalenda ya mwezi kuliko mwenye kalenda ukutani.

NENO LILILOHARIBIKA

Sasa tuingie katika jambo zito. Katika Kiswahili chetu, neno "falaki" limechafuka. Mtu akisema "fulani anapiga falaki", watu hufahamu kuwa anabashiri, anatafuta mwizi au anaangalia ndoa. Kuna wanaotoza watu pesa "kuwasafishia nyota". Kwa hiyo mzazi akimwona mwanawe anasoma nyota, anaogopa, na hofu yake ina msingi, kwa kuwa dini imekataza ubashiri. Lakini wanazuoni wametenganisha mambo mawili: kudai kuijua ghaibu kwa nyota, ambako ni haramu, na kuhesabu mwendo wa nyota kwa ajili ya sala, Kibla na safari, ambako ni elimu yenye manufaa. Tukivichanganya viwili hivi, tunamwachia mganga neno letu na tunamnyima mtoto elimu yake.

Historia inatuonyesha hasara ya kuchanganya. Mwaka 1577 mwanachuoni Taqiyyud-Din alifungua nyumba kubwa ya kuangalia nyota mjini Istanbul, kwa amri ya Sultani Murad wa Tatu. Mwaka huo huo ikatokea nyota yenye mkia, na Taqiyyud-Din akaambiwa aieleze. Akabashiri kheri na ushindi kwa Sultani. Mambo hayakwenda hivyo, wapinzani wake kasrini wakapata silaha, na mwanzoni mwa 1580 nyumba ile ikabomolewa. Vyombo vyake vilikuwa vya kiwango cha vile vya Tycho Brahe kule Denmark katika miaka ile ile. Miaka 30 haikupita, darubini ya kwanza ikajulikana Uholanzi mwaka 1608, na Galileo akaona miezi minne ya Mushtari mwaka 1610. Sisi tulikuwa na majina ya nyota, wenzetu wakawa na darubini.

Hatusemi haya ili tulie. Tunasema ili tufahamu kuwa elimu ni kama mnyororo wa sanadi: mwalimu mmoja akiacha kufundisha, kinachobaki ni majina tu, tena yenye makosa ya nukta.

LA KUFANYA NYUMBANI

Darubini ya kompyuta ni ghali, na si lazima. Kwenye simu zipo programu za bure, kama Stellarium, zinazoonyesha anga la mahali ulipo. Hata simu isipokuwepo, macho yanatosha. Umeme ukikatika mtaani, msilalamike tu. Tokeni nje na watoto.

Mwezi wa 1, saa mbili za usiku, tafuteni Rigel, Betelgeuse na Aldebaran juu, na Suhayli upande wa kusini mashariki. Mwezi wa 8, wakati wa kiangazi, tafuteni wale tai wawili, Altair na Vega, upande wa kaskazini mashariki. Mtoto aseme jina, aliandike kwa herufi za Kiarabu, kisha aeleze maana. Hilo ni somo la lugha, la historia na la tafakuri kwa pamoja.

Mwenye darubini aelekeze Zohali awaonyeshe watoto pete zake, kisha mwezi, karibu na katikati yake, mahali penye shimo kubwa liitwalo Albategnius. Huyo ni al-Battani wetu. Liko pia lenye jina la as-Sufi, Azophi. Na tahadhari moja isisahauliwe: mtoto asielekeze darubini kwenye jua hata kidogo bila kichujio maalumu, kwani jicho huharibika kwa kitambo kidogo sana na halirudi.

Kuhusu kutumia darubini katika kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani na Shawwal, wanazuoni wana kauli zao, na tunawaachia wao. Tunachoomba ni kuwa wanaotoka kuutafuta wajue kwanza utakuwa upande gani na kwa urefu gani, ili ushahidi wao uwe na uzito.

Wazazi, muwaulize watoto wenu wiki hii: Betelgeuse ilipoteza nukta ngapi? Atakayejibu, mumpe zawadi.